Runinga ya Mama Haikuwa Imekufa

Jumapili nilipofika nyumbani kwa mama, Morogoro, nilimkuta fundi ameshaifunga runinga kwenye shuka, tayari kuibeba. "Mama, bodi imekufa," alikuwa amemwambia, na mama alikuwa amekubali. Nilimwomba fundi aturuhusu kuiwasha mara moja tu. Menyu ya runinga yenyewe ilionekana safi, rangi zote zipo, lakini nilipohamia kwenye king'amuzi, picha ilitokea kwa muda mfupi, kisha kioo kikawa cheusi na yakabaki maandishi madogo ya kusema kuna hitilafu ya HDCP. Runinga ambayo bodi yake imekufa isingeweza kuonyesha menyu, kwa hiyo nilimsihi aiache.

HDCP ni kinga dhidi ya kunakili iliyobuniwa na kampuni ya Intel, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2000, ili mtu asiweze kuinasa na kuirekodi picha safi inayopita kwenye waya wa HDMI. Kabla ya kuachia picha, king'amuzi hupiga hodi kwenye runinga, nayo hutakiwa kujibu kwa kutumia funguo za siri ilizowekewa kiwandani, ambazo katika matoleo ya mwanzo ni 40 kwa kila kifaa. Hata baada ya kukubaliana, vifaa hivyo huendelea kuhakikishana kila baada ya sekunde mbili hivi, na jibu likikosekana picha hufungwa. Inaniuma kwamba anayefungiwa ni mama, ambaye hulipia kifurushi chake kila mwezi na hana hata kifaa cha kurekodia.

Kwanza niliushuku umeme, ambao ulikuwa umekatika usiku wa Ijumaa. Ukirudi ghafla, vifaa vyote viwili huamka pamoja, na king'amuzi huweza kupiga hodi wakati runinga bado haijawa tayari kuitikia. Nilivichomoa vyote kwenye soketi, kwa kuwa kuzima kwa rimoti pekee hukiacha kifaa nusu macho, nikasubiri dakika tano, nikauchomeka upya waya wa HDMI pande zote mbili hadi ukazama vizuri, kisha nikawasha runinga kwanza, na king'amuzi baada ya runinga kutulia. Picha ikarudi, na fundi akaaga.

Saa moja jioni ikapotea tena, na safari hii niliona kilichotangulia: mpwa wangu alikuwa amewasha skrini ya chumbani. Nilipochungulia nyuma ya kabati nilikuta kisanduku kidogo cha kugawa HDMI, waya mmoja ukiingia kutoka kwenye king'amuzi na miwili ikitoka, mmoja ukienda sebuleni na mwingine ukipenya ukutani hadi kwenye skrini kuukuu ya kompyuta, ya zama ambazo nyingi hazikuwekewa funguo za HDCP. Kisanduku cha namna hiyo hulazimika kukitajia king'amuzi kila kifaa kilichounganishwa mbele yake, na akipatikana mmoja asiye na funguo, king'amuzi huweza kuwanyima picha wote, hata yule wa sebuleni asiye na kosa. Ndiyo maana ninamshauri kila anayekutana na ujumbe huu aondoe kwanza kila kilichowekwa katikati, aunganishe king'amuzi na runinga kwa waya mmoja mfupi, na ndipo afikirie bodi. Wenye vifaa vya 4K, yaani vya picha kali zaidi, wana la ziada la kuangalia: picha nyingi za aina hiyo hudai HDCP 2.2, toleo la mwaka 2013, na zipo runinga ambazo ni tundu moja tu la HDMI, kati ya matatu au manne, linaloliweza.

Nilikiondoa kisanduku, na hadi taarifa ya habari ya saa mbili picha haikukatika tena. Kwa ajili ya chumbani tuliitoa stoo ile runinga ya chogo, tukaiunganisha na king'amuzi kwa waya wa AV, ule wenye vichwa vya njano, vyeupe na vyekundu, ambao HDCP haipiti humo kabisa. Picha yake si kali kama ya HDMI, lakini mama aliitazama akiwa kitandani mpaka akasinzia.