Steve Tshwete: waziri aliyefunzwa na ligi ya gerezani

Makatibu wa ligi za mtaa hapa Mwanza, mnaosumbuliwa na mamluki na rufaa kila msimu, mtu wenu ni Steve Tshwete. Wengi wanamjua kama waziri wa kwanza wa michezo wa Afrika Kusini huru, 1994 hadi 1999, kisha waziri wa usalama hadi alipofariki Aprili 2002. Uwaziri ulikuja mwishoni. Kazi aliijulia gerezani.

Mwaka 1964 alihukumiwa miaka 15, akapelekwa Kisiwa cha Robben. Wafungwa walidai haki ya kucheza mpira kwa miaka mingi, na walipoipata hawakuridhika na kupiga danadana. Waliunda Makana Football Association: madaraja matatu, chama cha waamuzi, kamati ya nidhamu, kanuni za FIFA. Timu ikionewa, inaandika barua. Inajibiwa kwa barua. Mtu wa ANC, chama cha Tshwete na Mandela, na mtu wa PAC, chama kingine cha ukombozi, ambao nje hawakuivana, walikaa kamati moja wakijadili kadi ya mchezaji. Karatasi zile zipo hadi leo, na FIFA iliipa Makana uanachama wa heshima mwaka 2007. Tshwete mwenyewe, kijana wa Eastern Cape, alikuwa mtu wa raga zaidi.

Kuna atakayeuliza raga inatuhusu nini sisi wa Kirumba. Mwanariadha wetu Filbert Bayi hakukimbia Montreal 1976 kwa sababu ya raga: New Zealand ilikwenda kucheza na Makaburu, Tanzania na nchi nyingi za Afrika zikasusia Olimpiki.

Baada ya 1990 ANC ilimkabidhi Tshwete mambo ya michezo. Karibu kila mchezo ulikuwa na chama cha Wazungu na chama kilichokataa ubaguzi. Masharti yalikuwa haya: kaeni meza moja, vunjeni vyama vyenu, undeni kimoja chenye katiba moja, pelekeni makocha na vifaa kwenye vitongoji vya weusi. Mlango wa mechi za kimataifa unafunguliwa baada ya hapo. Kriketi iliungana Juni 1991, Julai ikarudishwa kimataifa, na 1992 timu ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Raga iliungana Machi 1992, na huko ndiko mambo yalikoharibika. Kwa mechi ya Agosti 15 dhidi ya New Zealand, uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, ANC na viongozi wa raga walikubaliana: wimbo wa taifa wa enzi ya ubaguzi usipigwe, na watu wasimame kimya kwa ajili ya waliouawa katika kitongoji cha Boipatong miezi miwili nyuma. Wimbo ukapigwa, bendera za zamani zikapepea, na kimya kikazamishwa na kuimba. Viongozi walikuwa wamekubaliana, ila makubaliano hayakufika majukwaani.

Kwa hiyo, makatibu wa Nyamagana na Ilemela, mkiunganisha timu mbili zenye uhasama, msiishie kuandika nani mwenyekiti na nani mweka hazina. Andikeni pia nani atashika kipaza sauti siku ya mechi ya kwanza.