Mkaja Pekee Hautoshi: Nilivyorudisha Misuli ya Tumbo Baada ya Kujifungua

Mwanangu wa pili alipotimiza miezi minne, bado nilikuwa naulizwa sokoni kama nina mimba nyingine. Siku zote za arobaini mama alinikanda kwa maji ya moto kila asubuhi, kisha akanifunga mkaja na kuukaza sawasawa, lakini nilipoufungua jioni tumbo lilirudi palepale. Katika zahanati niliyompeleka mtoto kwa chanjo niliambiwa kuwa hayo ni mafuta tu, nipunguze wali na nifanye mazoezi ya kulala chali na kuinua kifua. Niliyafanya kwa wiki tatu. Kila nilipoinuka, katikati ya tumbo palichomoza tuta refu kama mgongo wa mtumbwi uliofudikizwa. Kiuno kikaanza kuniuma, na nikikohoa mkojo ulinitoka bila kutaka.

Aliyenifumbua macho ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi. Alinilaza chali, magoti yamekunjwa, akaushika mkono wangu na kuviweka vidole vyangu juu kidogo ya kitovu, kisha akaniambia niinue kichwa taratibu. Nilihisi kingo mbili zikikaza pande zote mbili, na kati yake vidole vitatu vikazama mahali palipolegea kama unga wa maandazi. Huko ndiko kuachana kwa misuli ya tumbo. Misuli miwili mirefu inayoshuka kutoka mbavuni hadi kwenye kinena imeunganishwa katikati na utando mgumu, na mimba inapokua utando huo hutanuka ili mtoto apate nafasi. Haukuchanika; umenyumbuka ukalegea. Karibu kila mjamzito hufikia hali hiyo mwishoni mwa mimba, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo hujirudi yenyewe katika wiki 8 za mwanzo. Inapobaki zaidi ya sentimita 2 hivi, ndipo misuli inapohitaji kufundishwa upya kazi yake.

Zoezi la kwanza nililopewa lilinishangaza kwa udogo wake, kwa kuwa lilikuwa kupumua. Unalala chali na magoti yamekunjwa, unavuta pumzi mpaka mbavu zipanuke kwa pembeni, halafu unaitoa polepole huku ukibana misuli ya chini ya nyonga, ile tunayoibana tunapozuia mkojo, na kuivuta sehemu ya chini ya tumbo kuelekea uti wa mgongo. Unashikilia kwa sekunde 5, unalegeza kabisa, unarudia mara 10. Kulegeza ni sehemu ya zoezi, nami nilichelewa kulielewa hilo, kwani nilishazoea kulibana tumbo kutwa nzima kwa aibu. Msuli unaofanya kazi hapo ni ule wa ndani kabisa unaolizunguka tumbo kama mkanda, yaani mkaja tuliozaliwa nao.

Nilipoweza kubana bila kushikilia pumzi, niliongezewa kuburuza kisigino kimoja sakafuni mpaka mguu unyooke, kisha kuinua nyonga huku mabega yakibaki kwenye mkeka. Kipimo kilikuwa kimoja: tuta likichomoza, zoezi hilo bado ni zito, rudi nyuma hatua moja. Zoezi la kuinua kifua si haramu milele, ila mimi nililianza kabla misuli ya ndani haijaweza kuhimili msukumo wake.

Kilichonisaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni kubadilisha mambo ya kila siku. Sikuamka tena kitandani kwa kujivuta mbele. Niligeuka ubavu kwanza, nikashusha miguu, nikajisukuma kwa mkono. Kabla ya kuinua ndoo ya maji nilianza kutoa pumzi na kubana, ndipo nikainua.

Mama hakufurahi mwanzoni. Nilimwambia, «Mama, mkaja nitaufunga, lakini tusiukaze mno.» Mkaja uliofungwa kwa kiasi hutegemeza mgongo na kumpa mzazi faraja, ila ukikazwa kupita kiasi husukuma uzito chini kwenye nyonga ambazo nazo zimechoka. Maji ya moto kweli yanaweza kumuunguza mtu, na kwa aliyejifungua kwa upasuaji yanaweza kuumiza kidonda. Aliyepasuliwa asianze hata mazoezi mazito kabla daktari hajakiona kidonda chake. Vilevile anayeona uvimbe unaouma kwenye kitovu akapimwe ngiri, na anayehisi kitu kizito kikishuka ukeni asivumilie nyumbani.

Leo ni mwezi wa saba tangu nianze. Nikijipima, kidole kimoja na nusu bado kinaingia, lakini hakizami; chini yake pamekaza, panakirudisha. Mkojo haunitoki tena nikikohoa, na jana nilimbeba mwanangu kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani bila kiuno kuniuma.