Dagaa hawavuliwi mbalamwezi: nilivyopata watu wa kunisomea mswada

Sura ya tatu ya riwaya yangu ndiyo niliyokuwa naipenda kuliko zote. Mwezi mpevu, bahari ya Pangani inametameta, vijana wamewasha karabai chomboni wanavua dagaa, na kwa mwanga ule wa mwezi Hamadi anaiona sura ya mtu aliyemdhulumu baba yake. Niliiandika siku tisa. Mke wangu akasema nzuri. Wenzangu wawili kazini wakasema nzuri sana, usiache. Mdogo wangu akasema hiyo ni sinema kabisa.

Halafu akaisoma mama mmoja anayeuza dagaa soko la Deep Sea, hapa Tanga. Alipofika ukurasa wa pili akavua miwani.

"Mwanangu, dagaa wa karabai mbalamwezi huvuliwa wapi?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Wala. Dagaa huifuata taa kwa sababu kwingine kote ni giza. Mwezi ukishajaa, bahari yote ni nyeupe, taa yako haina wa kumwita. Siku hizo wavuvi wa taa hukaa pwani wakishona nyavu. Mimi nimezaliwa Ngamiani, papa hapa Tanga, dagaa nimewala tangu sijaota magego, na jambo hilo sikuwa nalijua.

Mama huyo ni mmoja wa watu wanne wa kikundi chetu cha kusomeana miswada. Huandika hadithi za watoto kwenye kaunta buku, kwa mkono, na hafuti kitu. Hukata mstari mmoja tu ili aone alichokuwa amekosea.

Kuwapata watu hawa kulinichukua karibu mwaka. Kwanza nilijiunga na kundi la WhatsApp la waandishi, watu zaidi ya mia mbili. Kila asubuhi mashairi sita, saba, na chini yake makofi na "heko malenga". Nikaweka sura yangu ya kwanza, nikapata makofi kumi na moja ndani ya dakika mbili. Sura ile ina kurasa kumi na nne.

Sikutoka kundini, ila nikaacha kuangalia kazi za watu, nikawa naangalia maoni yao. Nilikuwa nawinda mtu yeyote aliyewahi kumwambia mwenzake jambo linaloshikika: hapa nimepotea, huyu mhusika jana alikuwa Salima leo Halima, mshororo wako wa tatu una mizani (silabi) kumi na saba, imezidi moja. Kwa miezi miwili nikapata watano. Huyo wa mizani ni mzee wa Chumbageni, muuguzi mstaafu, na kundini walimwona mkorofi. Nikawaandikia faraghani mmoja mmoja, bila kuomba wanisomee. Nilisoma kazi zao kwanza, nikawatumia mawili matatu niliyoyaona. Ukianza kwa kuomba, utapewa makofi tu. Wawili hawakujibu. Watatu walikuja: mama, mzee, na kijana fundi simu anayeandika hadithi za upelelezi.

Fundi simu alikuwa na hofu ya kuibiwa. Alitaka tusaini karatasi kabla hajatuonyesha hata aya. Mzee akamweleza kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapoandikwa, lakini wazo tupu hailindi. "Kwa hiyo uliyoyaandika ni yako. Yaliyo kichwani usituambie." Akaridhika. Tangu siku hiyo hutuletea sura zilizokamilika tu, hana tena zile hadithi za "nina wazo moja kali".

Tunakutana Jumamosi saa kumi alasiri, barazani kwa mzee. Kazi ni ya mtu mmoja tu, isizidi kurasa kumi, na kopi tuwe nazo tangu Jumanne. Mwenye kazi haisomi yeye. Husomewa kwa sauti na mwingine, naye amefunga mdomo mpaka wote wamalize kusema. Hilo la kusomewa lilikuwa wazo la mama, na ndilo lililonisaidia zaidi. Nilikuwa nimeandika: "Hamadi, ambaye baba yake alikuwa nahodha ambaye jahazi lake lilikuwa limezama, alisimama." Fundi simu alipofika "ambaye" ya pili pumzi zikamwishia. Akarudi nyuma, akaanza upya, zikamwishia palepale. Mara ya tatu akakohoa. Hakuna aliyesema neno, nami mwenyewe nikachukua kalamu nikakata. Sasa pameandikwa: "Jahazi la baba yake lilizama. Hamadi akasimama."

Kufunga mdomo, hata hivyo, ni kazi. Siku ya dagaa nilibishana nusu saa. Nikasema hii ni hadithi, na mwezi wangu ni wa hadithi. Mzee akanitazama. "Sawa. Basi kila mvuvi wa Kipumbwi atakayeisoma umfuate nyumbani kwake ukamweleze hivyo." Nikaondoka nimenuna, Jumamosi tatu sikutokea. Ya nne ilipokaribia, fundi simu akaja nyumbani na kurasa nilizoziacha barazani. Hakunibembeleza. Alisema zamu ni yake wiki hiyo, na hajui kama yule muuaji wa hadithi yake ameeleweka.

Baadaye alijiunga mwalimu mmoja, tukaachana naye kwa amani. Alikuwa akiziandika upya aya zetu kwa kalamu nyekundu. Aya nzuri, ila hazikuwa zetu. Ndipo mzee akaweka sharti lake la kiuguzi: onyesha panapouma, dawa mwenyewe ataitafuta.

Dawa ya sura ya tatu niliitafuta wiki tano. Niliuondoa mwezi, nikabaki na giza, na katika giza Hamadi hamuoni mtu. Nikakumbuka karabai ya nyumbani kwa bibi, jinsi ilivyokuwa ikififia upepo ukipungua, mpaka mtu aipige pampu. Basi nikampa Hamadi kazi hiyo. Ndiye mdogo chomboni, ndiye mpiga pampu. Kila akisukuma, mwanga unapanda kidogo, na uso wa yule mtu ng'ambo ya taa unatoka gizani kipande kwa kipande: kidevu, kovu, jicho. Mama alipoisoma hakuvua miwani.

Mswada niliupeleka kwenye Tuzo ya Safal ya fasihi ya Kiswahili, ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Haukushinda. Nimeanza mwingine, na sura mbili zake zimeshakatwakatwa.

Jumamosi hii zamu ni ya mama. Kwenye ukurasa wa nne sungura anafunga mlango wa nyumba ambayo, ukurasa wa pili, haikuwa na mlango. Nimeweka alama ya kuuliza pembeni, kwa penseli.