Shoti ipi, mama?

Wateja wangu hapa Tanga wana neno moja kwa kila ugonjwa wa umeme: shoti. Soketi imeyeyuka, shoti. Jokofu linang'ata ukiligusa, shoti. Halafu wanataka bei kwenye simu kabla sijaona chochote.

Shoti yenyewe ni waya wa moto kukutana na nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, bila kupitia taa, pasi wala kifaa kingine. Ukinzani wa kifaa ndio unaoubana mkondo. Ukiuondoa, ampea za mkondo huo zinaruka hadi mamia na breka, ile swichi ya usalama kwenye ubao wa umeme, inakata palepale. Hiyo hainisumbui sana, inajitangaza yenyewe.

Ya soketi kuyeyuka ndiyo inayoninyima raha. Juzi nimemkuta mama mmoja kwenye ekstensheni moja kachomeka birika la wati 2000, pasi ya wati 1200 na jiko la koili la wati 1000.

"Si vyote vya volti 230, mwanangu?"

Ni kweli, mama, lakini volti ni msukumo tu, na nyumba nzima inapata uleule. Kinachopasha waya ni ampea. Gawanya wati kwa volti: 4200 kwa 230, unapata ampea 18 na ushei. Plagi ile ni ya ampea 13. Na msidhani fyuzi yake ingekatika hapohapo. Fyuzi ya 13 huvumilia 18 kwa muda mrefu, huku waya mwembamba wa ekstensheni za bei rahisi ukiiva taratibu. Breka nayo haina habari, maana ya soketi huwa kubwa kuliko hapo.

Jokofu lake nalo lilikuwa linang'ata, na hilo ni jambo jingine kabisa. Waya wa moto umegusa bodi ya chuma, na umeme unangoja njia ya kushuka ardhini. Unapokuja pekupeku kuchukua maji ya baridi, njia ni wewe. Waya wa erthi, ule wa kijani na njano, umewekwa ili uwe njia kabla yako. Sasa mtu ana plagi ya miguu miwili, anasukuma kijiti kwenye tundu la erthi ili iingie! Nimeng'oa vijiti vya kila aina, hadi mrija wa biki.

Breka ya ampea 20 haimlindi mtu. Sehemu moja ya kumi ya ampea ikipita kifuani inaweza kuuvuruga moyo, na kwa breka hiyo si kitu. Anayekulinda ni RCD, swichi nyingine ya usalama, ya miliampea 30 (yaani 0.03 ya ampea): hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, ikiona pungufu inakata. Kwenye nyumba nyingi za zamani ninazoingia haipo.

Birika tumelihamishia soketi ya ukutani, peke yake. Fimbo ya erthi, ile inayoshusha umeme ardhini, nilipoifukua ilikuwa imeliwa na kutu, nusu yake haipo. Jumamosi nachimbia mpya, na RCD mama ameshakubali kuinunua, baada ya kuipunguza bei mara tatu.