Leo nimeiona sisiplatini ikizaliwa

Jamani, leo maabara tumetengeneza sisiplatini, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978.

Chumvi nyekundu ya platinamu ukiitilia iodidi ya potasiamu, maji yanakuwa meusi kama kahawa.
Ukiongeza amonia, unga wa manjano unatuama chini.
Nitrati ya fedha ikaondoa iodini, kloridi ikachukua nafasi yake.

Kisha kipimo cha Kurnakov, cha kutofautisha sisiplatini na pacha wake: tia kemikali iitwayo thiourea, pasha moto, halafu subiri ipoe.
Pacha huyo, transi (transplatini), hutoa fuwele nyeupe zenye umbo la sindano.
Zetu zikaanza kuota ukutani mwa tyubu, moja moja.
Za manjano!

Atomi zilezile, mpangilio tu tofauti, na huyu ndiye anayetibu.
Shangazi yangu aliwekewa dripu ya dawa hii. Nimeshindwa kuongea.

Nani mwingine imemgusa? Nisimulieni.