Propela ya 13 au ya 11: Hesabu ya Boti Yangu kati ya Mokowe na Mtangawanda

Msimu wa Maulidi mwaka juzi nilipakia abiria kumi na mizigo yao katika gati ya Mokowe, upande wa bara, nikaelekea Amu, yaani kisiwa cha Lamu, kama nilivyofanya mara nyingi, na siku hiyo boti yangu ikakataa kunyanyuka juu ya maji. Nilisukuma mkono wa mafuta hadi mwisho, lakini omo, yaani pua ya boti, ilibaki imeinuka mbele yangu hata nikawa sioni njia, tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikawa imezama, na nyuma yetu tukaburuta wimbi kubwa lililozitikisa mashua zilizotia nanga. Injini ilinguruma kwa sauti nzito, kama mtu anayesukuma mkokoteni mchangani. Nilizishuku plagi, kisha kabureta, kisha petroli niliyouziwa kwa madumu. Vyote nilivisafisha au kuvibadilisha, na kasoro ikabaki pale pale, kwa kuwa ilikuwa katika kitu ambacho sikuwahi kukitazama kwa makini, nacho ni propela.

Boti yenyewe ni ya faiba, futi 23, na injini ni ya tu-stroki yenye nguvu za farasi 40. Mwenyewe wa kwanza alikuwa akiwapeleka wageni wawili watatu kuvua nje ya mlango wa Shela, na propela aliyoniachia sikuiuliza neno. Ilipovunjika kwenye mwamba nilinunua nyingine Mombasa ya nambari ile ile, na muuzaji akanihakikishia kwamba nambari kubwa ndiyo kasi. Hakusema uongo mtupu, na pengine ndiyo maana maneno yake yalinikaa kichwani kwa muda mrefu hivyo.

Vitabuni kifaa hiki huitwa rafadha, ila gatini kila mtu husema propela, nami nitafuata gati. Kwenye bomba la katikati au ubavuni mwa panga utakuta nambari mbili zilizopigwa mhuri. Yangu iliandikwa 11 1/8 x 13, ikifuatwa na herufi G. Nambari ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga yanapozunguka. Ya pili mafundi huiita pichi, nayo ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja lau maji yangekuwa ubao na propela ikawa parafujo. Herufi ya mwisho, kwa propela za Yamaha, huonyesha aina ya gia ambayo propela hiyo huingiana nayo. Ukinunua yenye herufi nyingine, meno ya ndani hayatakubali shafti yako, na hapo hapana la kubishana.

Maji si ubao, kwa hiyo propela huteleza, na kiasi cha kuteleza kinaweza kupigiwa hesabu. Gia ya injini yangu hupunguza mizunguko kwa nusu: injini ikizunguka mara 5,100 kwa dakika, propela huzunguka mara 2,550. Zidisha kwa inchi 13 za pichi, utapata inchi 33,150 kwa dakika, sawa na mita 842, yaani noti (maili za bahari kwa saa) 27 na kitu. Boti ikiwa tupu, simu yangu ilionyesha noti 23. Pengo hilo la takriban asilimia 16 ndilo kuteleza, na kwa boti nyepesi ya aina hii si jambo la kusikitikia. Kutoteleza kabisa hakuwezekani, kwa sababu propela husukuma boti kwa kuyatupa maji nyuma, na maji yanayotupwa hayawezi wakati huo huo kusimama imara kama ukuta.

Kipimo chenyewe, hata hivyo, si kasi. Ni mizunguko ya injini mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa wote na boti imebeba mzigo wake wa kawaida. Kitabu cha injini yangu kinataka mizunguko hiyo iwe kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Ikishindwa kufika mpaka wa chini, pichi ni kubwa mno kwa mzigo. Mafuta huingia mengi kuliko kazi inayofanyika, masizi hujijenga kwenye pistoni na ringi, joto hupanda, na injini huzeeka ikiwa ingali changa. Ikipita mpaka wa juu, pichi ni ndogo mno na injini inazunguka kuliko ilivyoundiwa. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko kwa 150 hadi 200. Ongeza pichi, mizunguko hushuka. Punguza, nayo hupanda.

Boti yangu haikuwa na saa ya mizunguko. Nilinunua ile ndogo ambayo waya wake huzungushwa tu juu ya waya wa plagi, nikaenda kupima katika mlango wa bahari kati ya Amu na Manda. Hapa kuna jambo ambalo watu wa maziwani hawana haja nalo lakini sisi tunalo. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu, mkondo katika mlango huo una nguvu, na ukipima kasi ukiwa unasindikizwa nao utarudi nyumbani ukijisifu bure. Nilikwenda kuelekea Shela, nikarudi kuelekea mjini kwa njia ile ile, nikachukua wastani wa kasi mbili. Mizunguko ya injini yenyewe haijali mkondo, kwani boti na propela zote zimo ndani ya maji hayo hayo yanayotembea, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiamini kuliko kasi.

Boti tupu nilipata mizunguko 5,100, kama nilivyotaja. Siku ya pili nilipakia watu tisa wa nyumbani na wa jirani, ambao walidhani ni matembezi, pamoja na magunia mawili ya unga na tangi lililojaa. Mizunguko ikafika 4,100 na kukwama hapo, kasi noti 14. Nilimpelekea nambari hizo mzee mmoja fundi wa mashine ambaye huketi pwani karibu na gati ya mjini, akazitazama kwenye karatasi kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mashine haina ugonjwa. Umeivisha kiatu cha kukimbilia, nawe waipeleka ukulini, kwenye kazi ya kubeba mizigo." Alinitolea propela yake ya zamani ya pichi 11, yenye kipenyo kikubwa kidogo kuliko yangu, akaniambia niijaribu kwanza kabla ya kutoa pesa.

Kwa mzigo ule ule, propela ya 11 ilinipa mizunguko 4,500. Inchi mbili zilikuwa zimeniongezea mizunguko 400, kama kanuni ilivyosema. Lililonishangaza lilikuwa kasi: noti 16, mbili zaidi ya ile propela iliyosifiwa kuwa ya mbio. Ukipiga hesabu utaona ilivyotokea. Ile ya 13 kwenye mizunguko 4,100 ingepaswa kwenda karibu noti 22, na ilikwenda 14, kwa hiyo zaidi ya theluthi ya kazi yake iliishia kuchafua maji nyuma ya tezi. Ile ya 11 ilipaswa kwenda noti 20 na ikaenda 16. Boti iliweza kunyanyuka, na boti iliyonyanyuka huburuta maji machache. Safari ya kwenda Mtangawanda, katika kisiwa cha Pate, na kurudi, iliyokuwa ikila lita 38, ikaanza kula 33. Hasara ilikuwa moja tu. Boti ikiwa tupu mizunguko hupanda hadi 5,500, mpaka wenyewe wa kitabu, kwa hiyo nikirudi bila abiria hunilazimu kurudisha mkono wa mafuta kidogo.

Kabla ya kufika kwa mzee huyo nilikuwa nimepoteza usiku kadhaa nikisoma kwenye intaneti. Sehemu kubwa ya ushauri niliouona umeandikwa na Wamarekani wenye boti za kuvulia besi, samaki wa maji baridi ambaye hata Naivasha yuko, alikopelekwa enzi za ukoloni ili wazungu wapate mchezo wa ndoana. Boti zao ni bapa, za futi 20 hivi, injini za nguvu za farasi 200 au 250, na propela za chuma cha pua zenye pichi ya 24 au 26. Hubeba watu wawili na ndoana zao, na katika mashindano hukimbizana kufika penye samaki kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa juu ya maji ya ziwa. Swali lao kubwa ni jinsi ya kuinua omo ili sehemu ndogo tu ya boti ibaki majini. Ukiazima nambari zao utapotea, lakini njia yao ya kuzipata ni ile ile ya mzee wa gatini: pakia kama unavyopakia siku ya kazi, fungua mafuta yote, soma mizunguko, kisha chagua pichi itakayokuweka ndani ya mipaka ya kitabu. Wao hupenda kukaribia mpaka wa juu. Kwa boti ya abiria ambayo leo ina watu watatu na kesho kumi, mimi huchagulia siku ya watu kumi, kwa sababu mkono wa mafuta unaweza kurudishwa lakini pichi haiwezi kupunguzwa katikati ya safari.

Idadi ya mapanga ni suala la hali ya bahari kuliko la mzigo. Propela ya mapanga matatu ni nyepesi na hukimbia zaidi. Ya manne huyashika maji vizuri zaidi kwenye mawimbi, na huiweka boti juu ya maji hata mwendo ukipungua, ila hushusha mizunguko kidogo, na kwa sababu hiyo wengi huinunua kwa pichi pungufu ya inchi moja. Wenye kazi ya kutoka nje ya Shela wakati wa kusi, bahari inapochafuka na tezi kuruka juu ya kila wimbi, wana sababu ya kuitaka. Safari zangu nyingi ni za ndani, nyuma ya visiwa, na matatu yananitosha.

Kuhusu madini nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Chuma cha pua ni kigumu, mapanga yake ni membamba na hayapindi kwa nguvu ya injini, na hakuna ubishi kwamba propela yake ni bora majini. Lakini njia ya Pate hupita Mkanda, ule mfereji wa katikati ya mikoko baina ya Manda na bara, ambao hupitika maji yakiwa yamejaa tu, na aliyechelewa kidogo hulima tope na mchanga kwa propela. Alumini ikigonga hupinda au hukatika panga, na fundi huweza kuinyoosha au kuijaza. Chuma cha pua kikigonga huenda kisipinde, na kishindo kikapanda hadi kwenye shafti na gia, ambavyo bei yake sitaki hata kuiwaza. Kwa maji yetu nachagua alumini, na bei yake iliyo ndogo ni nyongeza tu.

Kweli, ndani ya propela mna mpira uliobanwa kati ya bomba la nje na meno ya shafti, na kazi yake ni kuteleza propela inapogonga ili gia zisalimike. Mpira huo ukishateleza mara moja huweza kuendelea kuteleza. Dalili ni kwamba injini inapiga kelele na mizunguko inapanda lakini boti haiendi, na wengi hudhani gia imekufa. Piga mstari mmoja kwa msumari kutoka kwenye kipande cha ndani hadi bomba la nje. Siku ukishuku, tazama kama mistari bado inaonana. Isipoonana, enda polepole na utafika nyumbani.

Yako mambo mawili ya kukaguliwa kabla ya kununua chochote. Sahani bapa iliyo juu ya propela iwe sawa na upande wa chini wa boti, ule unaogusa maji, au inchi moja juu yake, kwani injini iliyofungwa juu mno huvuta hewa na propela huzunguka bure. Na chini ya boti pawe safi. Mwani na vikombe (vile vidudu vya bahari vyenye gamba gumu) vilivyoganda huiba mizunguko mingi kiasi cha kukufanya ununue propela usiyoihitaji, na wazee waliopaka vyombo vyao deheni kila msimu hawakuwa wakipamba.

Propela ya mzee nilimrudishia, nikanunua yangu ya 11. Ile ya 13 sikuiuza. Mwezi wa Novemba, kaskazi inapoanza na wageni wawili watatu wanapotaka kwenda kuvua nje, huipandisha boti mchangani maji yakipwa, nikachomoa pini, nikafungua nati, nikapaka shafti grisi mpya na kuifunga. Pini huwa mpya kila mara, na ya akiba hukaa ndani ya kopo la maziwa chini ya kiti cha nahodha.