Cape Town kwa gari, na mume wangu ambaye haingii majini

Hii safari tuliipanga miaka mitatu na kila mwaka inaahirishwa, mara ada za watoto, mara msiba, mara gari limekufa injini, mpaka mwaka jana mwezi wa nne tulipotimiza miaka 10 ya ndoa baba Zuhura akasema tukisubiri hela zitoshe hatutoki. Tukawaacha watoto kwa bibi yao Tanga, tukaruka Dar mpaka Johannesburg, tukaunganisha East London, pale tukakodi kagari kadogo tukaanza kushuka na barabara ya N2 kwenda Cape Town, kilomita 1,000 na ushee. Wanaendesha kushoto kama kwetu kwa hiyo hapo hakukuwa na shida, ye akashika usukani mi nikawa wa ramani na wa kumenya machungwa.

Watu wananiuliza kwa nini tulianzia East London wakati watalii wote wanaanzia kwingine. Ni kwa sababu ya samaki mmoja, silikanti. Sisi wa Tanga tunamjua, tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wetu walianza kumpata kwenye majarife ya papa, mpaka ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Sasa yule wa kwanza kabisa kushtua dunia, wa aina ambayo wataalamu walikuwa wanaamini ilishaisha enzi za madainosaria, alivuliwa karibu na East London Desemba 1938 akaonwa na dada wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, kwenye rundo la samaki wa meli ya uvuvi. Yuko pale mpaka leo amekaushwa. Nilisimama mbele yake nikaangalia mapezi yale, yana nyama kama mtu mwenye vigimbi, mume wangu akasema mbona huyu kama kamongo. Ye ni wa Mwanza, kamongo wa ziwani amewala sana. Na kumbe hajakosea aisee, silikanti na kamongo ni ndugu kweli, wote wako kwenye ukoo wa samaki wa mapezi ya nyama ambao ndio jamaa wa karibu na wanyama wenye miguu minne. Nilifurahi maana kidogo kila mtu akawa na samaki wake.

Njiani sitaelezea sana. Misitu ya Tsitsikamma mizuri mno, Knysna tulilala siku mbili, karibu na Swellendam tulipata pancha na kubadilisha tairi kwenye upepo unaotaka kukung'oa. Tukakunja kwenda Cape Agulhas, ncha ya mwisho ya Afrika kusini kabisa, kuna jiwe limeandikwa kushoto Bahari ya Hindi kulia Atlantiki. Nikagusa maji upande wa Hindi, nikajiambia haya ndo yanayofika mpaka Raskazone kwetu Tanga.

Kesho yake ndo tukaingia Cape Town, na asubuhi iliyofuata Two Oceans Aquarium, akwariamu yaani nyumba ya kuonyesha samaki hai, pale kwenye bandari ya V&A Waterfront. Imefunguliwa tangu 1995. Mi nilidhani tutakaa saa moja tutoke tukapande mlima, tulikaa mpaka jioni.

Nataka niseme kitu kuhusu samaki na mimi. Nimekulia pwani, baba yangu mdogo alikuwa mchuuzi wa samaki, najua majina kuliko hata baadhi ya wanaume, lakini samaki wote niliowajua walikuwa wafu. Wako kwenye tenga, wako kwenye kikaango. Na wengi walikuwa wa bomu. Tulikuwa tunasikia tu, duuu, asubuhi asubuhi upande wa kisiwani, na baadaye sokoni mama anabonyeza samaki mgongoni anasema huyu wa baruti, kwa sababu mfupa umevunjika ndani na damu imevilia kwenye nyama. Mi nilijua kumtambua samaki aliyeuawa kwa bomu kabla sijawahi kumuona samaki akiwa anaogelea zake tu. Sasa nimesimama mbele ya kioo, kolekole anapita taratibu, jicho lake linageuka linaniangalia, magamba yanang'aa kama sahani mpya, nikashindwa kuongea. Mkunga alikuwa kwenye pango lake anafungua mdomo anafunga, anafungua anafunga, nikakumbuka tulivyokuwa tunaogopeshwa naye, kumbe ndo anapumua tu masikini.

Kitu kilichonikalisha zaidi ni msitu wa kelpu. Ni mwani, ila sio huu wetu wa kufunga kwenye kamba, huu unasimama kama mianzi kutoka chini mpaka juu ya maji, shina la mpira mnene halafu majani marefu ya kahawia yanapepea. Tanki lile lina lita 800,000 na kelpu yenyewe ni hai, inakua humo ndani, kitu ambacho ni sehemu chache sana duniani wameweza. Siri yake ni mawimbi. Kelpu haina mizizi ya kunyonya, ile ya chini inashika mwamba tu, chakula inakipata kwa majani kwa hiyo maji yakitulia inadhoofika, lazima yasukumwe mbele nyuma muda wote. Ukikaa chini pale unaona msitu mzima unainama kulia, unarudi kushoto, na samaki nao wanaenda na kurudi hivyo hivyo hawahangaiki. Na inataka baridi. Upande wa Atlantiki pale maji ni ya kukata mifupa hata kiangazi, upepo wa kusini mashariki unasukuma maji ya juu yanaenda mbali halafu ya chini yenye baridi na virutubisho yanapanda. Tulikaa kwenye sakafu kama wanafunzi, mume wangu amenishika mkono, nadhani nusu saa hakuna aliyesema neno.

Halafu likaja handaki la kioo. Hapa naandika kwa ruhusa yake. Baba yake mdogo alikuwa kwenye MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria Mei 1996, hakurudi. Tangu utoto ule mume wangu haingii majini, Mwanza anakaa mbali na ufukwe, Tanga watoto wakienda kuogelea ye anabaki na viatu. Tanki lile ni lita milioni 1.6 na handaki linapita chini yake, maji yako juu ya kichwa na pande zote. Alisimama mlangoni. Sikumvuta, nikasubiri, watu wanatupita na watoto wao. Nikamwambia tunaweza kuzunguka. Akasema hapana ngoja kidogo. Kisha samaki taa mmoja mkubwa akaja akatandaza tumbo lake jeupe juu ya kioo, ile midomo yake inayofanana na tabasamu, na mume wangu akaingia hatua moja kumwangalia vizuri, akaingia ya pili. Tukatokea upande wa pili, na akataka kurudia.

Pale ndo tulisoma habari za kasa. Vifaranga vya kasa aina ya duvi vinaanguliwa fukwe za kaskazini ya KwaZulu-Natal na kusini ya Msumbiji, mkondo wa Agulhas unavibeba kusini, vingine vikikutana na maji baridi vinaishiwa nguvu na kutupwa ufukweni vikubwa kama kiganja. Akwariamu inavitunza mpaka vipone halafu inavirudisha kwenye maji ya uvuguvugu. Ukiokota kimoja usikirudishe baharini, kiweke mkavu kwenye boksi lenye matundu upige simu, maana ukikirudisha kinazama. Na kuna kasa aliyeitwa Bob, aliletwa 2014 mgonjwa, tumboni plastiki na vipande vya maputo, wakamhudumia zaidi ya miaka 8 mpaka wakamuachia 2023. Miaka 8 kwa kasa mmoja! Mi utotoni nimeona kasa amegeuzwa chali mchangani mapezi yanapapasa hewa na watu wanagawana, na hata sikusikitika, hakuna aliyenifundisha.

Nikampigia mama video nikamuonyesha. Akaita watoto, Zuhura akauliza huyo kasa anaishi na kwetu? Nikamwambia ndio, kwetu wapo. Akauliza mbona hatujawahi kwenda kumuona.

Jioni tukaingia duka la vifaa vya michezo kununua miwani ya kuogelea. Nilikuwa nimeshika tatu, yangu na ya watoto, nimeshafika kwenye foleni ya kulipa. Mume wangu akarudi kwenye rafu, akajaribu moja, akalegeza mkanda, akajaribu tena, akaja akaiweka juu ya zile tatu.